Kiitikio Kwanza

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay pamoja na wapiga ala wake, kwenda kurekodi nyimbo kwa kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Kwao alizoea kuimba usiku kucha. Ubeti ulirudiwa kadiri watu walivyopendezwa, fidla ikaachiwa nafasi ya kuzungumza peke yake, waliokolea wakainuka kutunza na wimbo ukawasubiri wakae. Studio ya Bombay haikuwa na muda huo. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulibeba dakika tatu na ushei tu. Sindano ikifika mwisho, wimbo umekwisha, shairi limetimia au halikutimia. Ikabidi beti zipunguzwe, na kilichobaki ndicho kilichosikika Mombasa, Lamu na Dar es Salaam, kwa watu ambao wengi wao hawakupata kumwona mwimbaji mwenyewe.

Naanza na santuri kwa sababu mjadala wetu kuhusu simu na sanaa huendeshwa kana kwamba jambo hili limezuka jana. Kila chombo kinachopeleka kazi ya mtu kwa watu huikata kazi hiyo kwa kipimo chake, na mwenye chombo huchukua fungu lake kwanza. Redio ya taifa ilipokuwa peke yake hewani, bendi zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo ambao haukupita pale ulikuwa na njia chache mno za kufika Songea au Bukoba. Redio binafsi zilipoanza miaka ya tisini, mlango ukahamia kwa mtangazaji, na kijana wa Temeke mwenye CD mkononi alijua ni nani wa kumsubiri getini. Kaseti nazo zilikuwa na wenyewe, wasambazaji wa Kariakoo, na malalamiko ya wasanii juu ya malipo ya albamu zao yalijaza kurasa za burudani kwa miaka.

Simu imevunja mageti hayo, na hilo ni jambo la kushangilia. Binti aliyeko Kigoma leo anaweza kurekodi sauti yake alfajiri na kufika adhuhuri akawa amesikika Muscat na Minneapolis, bila kumwamkia mtangazaji yeyote. Ila santuri ilikuwa na kipimo kinachojulikana. Mtunzi aliingia studio akijua ana dakika tatu. Kipimo cha simu hubadilika kila baada ya miezi, na anayekibadilisha hana haja ya kumweleza mtunzi sababu.

Tazama TikTok peke yake. Video zake za mwanzo zilikuwa za sekunde 15, kisha 60. Mwaka 2021 zikaruhusiwa dakika 3, mwaka 2022 dakika 10. Mwaka 2023 kampuni ikaleta mpango mpya wa malipo kwa watengenezaji wa video wa nchi chache, na sharti lake lilikuwa video izidi dakika moja. Waliokuwa wamejifunza kusema jambo kwa sekunde 20 wakaanza kulivuta lifike 61. YouTube ilifanya vivyo hivyo kabla yao. Kwa muda mrefu tangazo la katikati ya video liliwekwa kwenye video zilizofika dakika 10, na mtandao ukajaa video za dakika 10 na sekunde kadhaa. Mwaka 2020 kiwango kiliposhushwa hadi dakika 8, video nazo zikapungua. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30, kwa hiyo sekunde hizo 30 ndizo zinazogombewa. "Old Town Road" wa Lil Nas X, uliosambaa kupitia TikTok na kukaa wiki 19 kileleni mwa chati ya Billboard mwaka 2019, katika toleo lake la kwanza haukufika hata dakika mbili.

Ndiyo maana kiitikio kimehamia mwanzo. Msanii wa Bongo Fleva siku hizi hutoa kionjo wiki kadhaa kabla ya wimbo wenyewe: sekunde chache zenye mstari unaonata na mchezo wa mikono ambao mtoto wa darasa la tatu anaweza kuuiga. Kionjo kikishika, wimbo unamaliziwa. Kisiposhika, huenda usimaliziwe kabisa. Diamond Platnumz alipotoa "Komasava" mwaka 2024, mchezo wake ulisafiri mbali kuliko maneno yake. Chris Brown akaucheza mbele ya mamilioni ya wafuasi wake, na baadaye Jason Derulo akaingia kwenye toleo jipya la wimbo. Hakuna redio Afrika Mashariki ambayo ingeweza kuufikisha wimbo wa Kiswahili hapo kwa kasi ile.

Sina ugomvi na ufupi. Watu waliozoea kusema jambo zito kwenye kanga kwa mstari mmoja, na likafika kwa mlengwa hadi akakosa usingizi, hawana cha kuogopa kwenye sekunde 15. Linalonitia wasiwasi ni kwamba njia nyingine za kutunga zinakosa pa kusimama. Wanamuziki wa dansi kama Marijani Rajab na Mbaraka Mwinshehe walimsimulia msikilizaji kisa kwanza. Walimweka mtu katika hali fulani, nyumba, deni, mpenzi aliyeondoka, na gitaa likangoja hadi kisa kikolee ndipo likafunguka na watu wakaingia uwanjani. Utamu wa sehemu ya mwisho ulitokana na subira ya sehemu ya kwanza. Wimbo wa aina hiyo ukikatwa sekunde 15 za mwanzo hauna kitu cha kuonyesha, na ukikatwa za mwisho umepoteza sababu ya kuwapo. Mtunzi kijana mwenye kipaji cha kusimulia analiona hilo mapema, naye huacha kusimulia kabla hajajua kama angeweza.

Sasa tuingie sokoni, maana mkono uleule uliogusa wimbo umegusa na gauni.

Simama asubuhi kwenye mojawapo ya vibanda vya nguo Mtaa wa Congo, Kariakoo, kabla wateja hawajajaa. Muuzaji amefungua robota, amepiga pasi gauni tatu nne, taa ya duara imewashwa ingawa jua limeshatoka. Simu iko kwenye stendi. Anashika henga kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia anauvuta mshono wa kiunoni ili watu waone kitambaa kinavutika. Anaanza kwa salamu kwa warembo wake, anasema mzigo mpya umeingia, anataja saizi kuanzia M mpaka XXL, anageuza gauni nyuma na mbele, anataja bei mara mbili, anasema mikoani tunatuma. Kisha anaishusha sauti kama anayemwambia shoga yake siri: hii rangi ya kijani zimebaki mbili tu. Yote hayo hayafiki nusu dakika. Hapo ameandika tangazo, ameliigiza, amelipiga picha na amelihariri, na alasiri atakuwa anafunga vifurushi vya kupeleka stendi ya mabasi. Namhesabu miongoni mwa waandishi bora wa matangazo tulio nao. Kiswahili chake kina pumzi, kinajua pa kusita, na hakuna ofisi ya matangazo iliyomfundisha.

Angalia pia anachoweka baada ya video. Ni picha za mazungumzo ya WhatsApp, jina la mteja limefutwa: dada nimepokea, nguo ni nzuri kuliko picha, Mungu akubariki. Inafuata picha ya risiti ya basi, ya Mbeya au Mwanza, kifurushi kikiwa juu ya meza ya wakala. Mnunuzi wa mkoani ameshasikia habari za matapeli waliopokea pesa kwa simu kisha wakamzuia mtu asiwapate tena. Kwa hiyo nusu ya kazi ya muuzaji wa mtandaoni ni kuthibitisha kwamba yeye ni mtu kweli, ana duka, ana sura, anatuma mzigo. Wakati kampuni kubwa zinawakodi watu maarufu ili ziaminiwe, yeye anakopa imani kwa wateja wake wa jana.

Lakini skrini ina mambo isiyoyabeba, na hayo yanapungua thamani kimyakimya. Haibebi ladha, harufu, uzito wa kitambaa mkononi, wala namna nguo itakavyokuwa baada ya kufuliwa mara kumi. Waokaji wa keki za kitchen party na send-off wamelijua hilo. Mteja huja na picha aliyoitoa mtandaoni, keki ya ngazi nne yenye maua ya sukari, na swali lake la kwanza ni kama itafanana. Habari ya siagi, mayai na iliki huja mwishoni, ikija. Fundi cherehani naye huletewa picha. Anashona mabega makubwa na shanga za mbele zinazong'aa kwenye kamera, kwa sababu sare ya sherehe itavaliwa usiku mmoja, itapigwa picha, na watu wataiona kwa upande wa mbele. Fundi ambaye sifa yake ilikuwa mshono wa ndani usiofumuka hana namna ya kuiposti sifa hiyo. Muuza udi wa Zanzibar anaposti moshi. Moshi unapendeza, ila harufu ndiyo bidhaa, na harufu bado inamtaka mtu apite mlangoni.

Kuna njia nyingine ya kutafuta macho ya watu, nayo ni kiki. Msanii anakaribia kutoa wimbo, ghafla anagombana na msanii mwenzake, au anaachana na mpenzi wake hadharani, au anarudiana naye. Kurasa za udaku zinachemka, komenti zinafika maelfu, na katikati ya vumbi hilo wimbo unatoka. Nimewasikia vijana wenye sauti nzuri wakishauriwa na watu wanaowasimamia kwamba bila kiki hawatatoka. Ushauri huo una mantiki yake, kwa sababu programu hizi hupima kazi kwa vitu vinavyohesabika: mtu amekaa sekunde ngapi, ameandika nini, amemtumia nani. Hasira huandikwa haraka kuliko pongezi. Hata hivyo naona kiki inamla msanii taratibu. Baada ya miaka miwili mitatu hadhira inajua talaka zake zote na haiwezi kuimba ubeti wake wa pili. Na mara nyingi anayebeba gharama halisi ni mwanamke aliyeingizwa kwenye hadithi. Yeye ndiye anayeendelea kutukanwa mtandaoni wakati wimbo umeshasahaulika.

Habari ya Kili Paul inatufundisha zaidi, nami ningependa isomwe polepole. Kijana huyu wa Kimaasai wa Tanzania na dada yake Neema walianza kujulikana mwaka 2021 kwa video fupi ambazo wanaigiza midomo kwa nyimbo za filamu za Kihindi. Amevaa shuka, amesimama nje kwenye uwazi, nyuma yake hakuna pambo. Midomo inafuata maneno ya lugha ambayo siyo yake kwa usahihi unaomfanya mwenye lugha atabasamu, na uso unabeba huzuni au furaha ya wimbo bila kuzidisha. Februari 2022 ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimpa heshima, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao wawili katika kipindi chake cha redio. Mialiko ya kwenda India ikafuata.

Wengi huishia hapo na kusema ni bahati. Lakini nyuma ya bahati hiyo kuna mkondo uliochimbwa na watu wengine. Juni 2020 askari wa India na wa China walipambana katika bonde la Galwan, milimani mpakani, na watu wakafa. Kabla mwezi haujaisha serikali ya India ikapiga marufuku programu nyingi za Kichina, TikTok ikiwamo. Watumiaji wapatao milioni 200 wakabaki bila uwanja, na watengenezaji waliokuwa wamejenga hadhira ya miaka miwili mitatu wakaamka hawana hata mtu mmoja wa kumwambia kwaheri. Siku chache baadaye, Julai 2020, Instagram ikaingiza Reels nchini India ili iichukue hadhira hiyo. Reels ilihitaji video fupi, nyingi, zenye muziki ambao Wahindi wanaupenda. Mwaka uliofuata Kili akawa pale, na wimbo wao mdomoni. Kipaji ni chake na bidii ni yake. Mto uliombeba ulielekezwa na vita vya mpakani na ushindani wa kampuni mbili, na wenzake wa India waliokuwa upande wa pili wa uamuzi uleule walikuwa na vipaji pia.

Jina nalo hupotea njiani. Mwaka 2019 Jalaiah Harmon, binti wa miaka 14 kutoka eneo la Atlanta, Marekani, alitunga mchezo ulioitwa Renegade. Ukavuka kutoka programu moja hadi nyingine, watu wengine wenye wafuasi wengi wakaucheza TikTok, na sifa ikawakalia wao. Ilipofika Februari 2020 ndipo gazeti la New York Times lilipomtaja kuwa mtunzi, na akaalikwa kucheza kwenye sherehe za NBA All-Star jijini Chicago. Alikuwa na bahati kwamba mwandishi mmoja alifuatilia. Michezo mingapi inayochezwa kwenye harusi zetu ilitungwa na vijana wa Mbagala au Kayole ambao hawatafuatiliwa na gazeti lolote?

Pesa nazo zilitangulia kwingine. Mfuko wa kwanza wa TikTok wa kuwalipa watengenezaji ulifunguliwa Marekani mwaka 2020, kisha katika nchi chache za Ulaya. Vijana wa Afrika Mashariki walioijaza programu hiyo kwa vichekesho na michezo hawakuwamo. Kwa hiyo kilichowalisha ni matangazo waliyoyatafuta wenyewe: sabuni, mafuta ya nywele, benki, kampuni za kubeti. Ndivyo kichekesho cha mama mkwe kinavyokatika katikati ili mtu ainue chupa kuelekea kamera. Kubeti ndiko kunakonikera. Mchekeshaji anayependwa na watoto wa sekondari akilipwa kuwaonyesha mkeka ulioshinda, kampuni imenunua upendo uleule aliouchuma kwao kwa miaka, na mkeka uliochanika hauonyeshwi.

Serikali zimeingia kwa njia zake. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018. Tanzania mwaka huohuo ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali. Kodi ni haki ya nchi, ila mara nyingi mtengenezaji mdogo alitambuliwa na mtoza ushuru kabla hajatambuliwa na mtu wa kumtetea.

Na kuna siku njia yenyewe hukatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Intaneti ilikwama kwa siku kadhaa. Waliokuwa na namba za wateja kwenye kitabu cha simu waliwapigia na kuwatumia meseji za kawaida, mzigo ukaenda stendi kama kawaida. Waliokuwa na wafuasi elfu arobaini na hawana namba ya hata mmoja wao walikaa dukani na kungoja.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka mtengenezaji wa kazi aishike, awe mwimbaji, fundi, mchoraji au mwokaji. Wafuasi wako kwenye daftari la kampuni. Mpaka mwaka 2016 Instagram iliwaonyesha watu posti kwa mpangilio wa muda. Tangu ilipobadili, aliyekufuata kwa hiari yake anaweza asikuone mwezi mzima hadi ulipie tangazo. Mteja ambaye namba yake unayo, unajua kipimo cha kiuno chake na jina la mtoto wake, huyo umempata. Wauzaji wengi hodari hutumia TikTok kumkamata mpita njia, humhamishia WhatsApp siku ileile, na biashara yenyewe hufanyika kwenye stetasi na kwenye kundi la wateja wa zamani. Msanii anaweza kufanya hivyo. Wenye kumtolea nauli waje kwenye onyesho ni wachache kuliko wenye kumbofyia moyo, na hao wachache ndio wanaoweza kumvumilia akitoa wimbo wa dakika saba wenye kisa ndani yake.

Upande wa karatasi, mambo ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, ila yanafanywa na wachache. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapotengenezwa, bila kungoja isajiliwe, na imetaja hata utunzi wa michezo ya kucheza. Kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, au COSOZA kwa aliyeko Zanzibar, husaidia siku ya ubishi. Penye hasara kubwa ni kwenye makubaliano ya tangazo yanayofanywa kwa meseji za sauti. Kampuni inasema itakulipa kwa posti moja. Miezi sita baadaye sura yako iko kwenye bango la barabarani, kwenye tangazo la kulipia Facebook, na kwenye kurasa za mawakala wa mikoani, na ulilipwa mara moja. Kabla ya kushika chupa na kuinua kuelekea kamera, dai iandikwe video itakaa kwenye kurasa zipi, kama wanaruhusiwa kuilipia iwe tangazo, kama wanaruhusiwa kuikata na kuitumia picha yako peke yake, na bidhaa ya mshindani utaruhusiwa kuitangaza baada ya muda gani. Mwisho iandikwe tarehe ambayo ikifika, wanaishusha au wanakulipa upya.